Namba ya Simu ya Mfanyakazi Si ya Kila Mtu: Mwongozo Kamili kwa Ofisi za Arusha na Moshi

Mgeni anashuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) akiwa na karatasi ya safari yake. Juu limeandikwa jina la hoteli, chini yake jina la dereva atakayempokea, na pembeni namba ya dereva. Hiyo ndiyo laini yake ya siku zote: ndiyo anayopigiwa na mama yake kutoka Rombo, ndiyo inayopokea mshahara, ndiyo aliyoiunganisha na akaunti ya benki. Hadi imfikie mgeni, imeshapita kwa wakala wa Ulaya, kwa kijana wa booking pale Njiro, kwa hoteli mbili za Karatu na kwa mlinzi wa geti. Dereva mwenyewe hakuulizwa hata mara moja.

Mara nyingi hakuna aliyekusudia ubaya. Kazi za huku zimejengwa juu ya simu za mkononi: kampuni za utalii, nyumba za wageni, zahanati, shule binafsi, maduka ya vifaa vya ujenzi, mashamba ya maua kuelekea Usa River. Simu ya mezani imekufa, barua pepe hazifunguliwi kwa wakati, kwa hiyo namba ya mtu imekuwa ndiyo ofisi. Msimamo wangu ni huu: mfanyakazi anapokupa namba yake, anakupa kwa kazi maalumu, na ukitaka kuitumia kwa kazi nyingine sharti urudi umuulize. Ofisi inayohitaji namba ya kugawa kwa wateja inunue laini yake.

Mwongozo huu naandika kwanza kwa anayesimamia watu: meneja, mhasibu, msimamizi wa zamu, mwenye kampuni ndogo anayefanya yote hayo peke yake. Sehemu za mwisho ni za mfanyakazi.

Kinachojulikana mtu akishika namba yako

Chukua namba yoyote, fungua M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas kana kwamba unataka kutuma pesa. Kabla hujathibitisha, jina la aliyesajili laini linakutokea. Kwa hiyo mteja aliyepewa namba ya "Neema wa mapokezi" ana uwezo wa kujua majina ya Neema kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na akiyapeleka Facebook au Instagram anampata Neema, ndugu zake na pengine mtaa anaoishi. WhatsApp inaongeza picha ya mtu, na kwa wengi picha za watoto pia.

Halafu kuna matapeli. Wote tunaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Unaumiza zaidi unapomfikia mtu ambaye tapeli anajua anafanya kazi wapi na bosi wake anaitwa nani. Orodha ya wafanyakazi iliyobandikwa ukutani, yenye jina, cheo na namba, inampa yote hayo kwa mara moja.

Kuna pia programu za mikopo ya mtandaoni. Nyingine zinasoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa zinawatumia jumbe za kumdhalilisha watu ambao hawakukopa chochote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mfanyakazi mmoja akiwa na programu ya namna hiyo, na simu yake ina namba za ofisi nzima, ofisi nzima inaweza kupigiwa simu.

Sheria inasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Juu ya msingi huo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kanuni zake za mwaka 2023. Msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024.

Mambo ya kushika ni machache. Taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi na zisitumike kinyume na lengo hilo. Zisizidi zinazohitajika. Zisikae muda mrefu kuliko kazi iliyozileta. Zitunzwe salama. Mhusika ana haki ya kujua unazo taarifa zake zipi, kutaka zirekebishwe, na kuzuia zisitumike kwa namna itakayomdhuru. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kuwa amesajiliwa na Tume, na hapo wenye kampuni ndogo wengi hushtuka, kwa sababu walidhani jambo hili ni la mabenki na kampuni za simu. Kufichua taarifa za mtu bila uhalali ni kosa la jinai: kwa mtu binafsi faini inaanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, kwa kampuni inaanzia milioni 1 hadi bilioni 5.

Kwa kampuni za utalii kuna la ziada. Ukimtumia wakala wa Ujerumani au Marekani orodha ya madereva, wapishi na namba zao, umezitoa taarifa hizo nje ya nchi, na sheria ina sehemu yake mahususi juu ya hilo. Njia rahisi ya kukwepa mzigo huo ni kutozituma kabisa. Wakala anahitaji namba ya ofisi inayopokea simu saa zote, basi.

Hatua ya kwanza: zitafute namba zilipo

Usianze kwa kuandika sera. Anza kwa kuzunguka ofisini na daftari, nusu siku inatosha kwa ofisi ya watu ishirini. Andika kila mahali unapokuta namba ya mfanyakazi na ni nani anaweza kuiona.

Anzia getini. Daftari la mlinzi lina nini? Mapokezi, angalia chini ya kioo cha kaunta na nyuma ya mlango. Ndipo karatasi ya "namba muhimu" hukaa miaka mitano bila kubadilishwa. Fungua rosta ya zamu. Fungua kundi la WhatsApp la kazi uone waliomo. Angalia voucha za wageni, kadi za biashara, stika kwenye magari, matangazo ya zamani ya Facebook, na lile bango la barabarani lenye namba ya msimamizi aliyeacha kazi. Mwulize mhasibu orodha ya mishahara ya simu anaiweka wapi. Mara nyingi ipo kwenye simu yake binafsi au kwenye kompyuta ambayo kila mtu anajua neno lake la siri.

Usisahau fomu ya ajira ile sehemu ya "ndugu wa karibu". Pale kuna namba ya mke, kaka au jirani wa mtu, ambaye hajui kwamba yumo kwenye faili lako. Hiyo ni ya dharura tu. Kumpigia mama wa mfanyakazi kumuuliza kwa nini mwanawe hajafika kazini ni kuitumia vibaya, hata kama umeshazoea kufanya hivyo.

Hatua ya pili: kila namba ipewe kazi yake

Ukishakuwa na orodha, jiulize kwa kila mahali: namba hii ipo hapa kwa ajili ya nini, na nani anaihitaji ili afanye kazi yake?

Mhasibu anahitaji namba ya kulipia mshahara. Msimamizi wa zamu anahitaji kumpata mtu akichelewa au ratiba ikibadilika. Kiongozi wa msafara anayepandisha wageni kupitia Machame anahitaji kuwa na namba za wapishi na wagumu wake, yaani wapagazi, kwa siku za safari hiyo. Mwingine nani? Ukijibu kwa uaminifu utaona orodha inakuwa fupi. Mfanyakazi wa jikoni hahitaji namba ya dada wa mapokezi. Mteja hahitaji namba ya mtu yeyote.

Zilizobaki ziondoe. Karatasi ya ukutani ichanwe, si kutupwa kwenye ndoo nzima nzima. Orodha kamili ibaki nakala moja, kwa mtu mmoja na msaidizi wake, ikiwa imefungiwa kabatini au kwenye faili lenye neno la siri.

Wagumu wanahitaji uangalifu zaidi. Wengi hawana ajira ya kudumu. Wanaitwa kwa safari, na kampuni moja inaikopesha nyingine orodha yake msimu wa Julai hadi Septemba unapochanganya. Mtu akishaandikwa kwenye orodha moja Moshi, namba yake inazunguka mji mzima. Wapo wanaopenda hivyo kwa sababu ndivyo wanavyopata kazi, na ni haki yao. Lakini waulizwe. Na kumbuka wengine wanatumia laini moja na mke au kaka, kwa hiyo unayempigia huenda si yule uliyemwandika.

Hatua ya tatu: ofisi iwe na laini yake

Hapa ndipo tatizo kubwa linapoisha, na gharama yake ni simu moja ya bei ya kati, laini na bando.

Sajili laini kwa jina la kampuni, kwa nyaraka za biashara na mwakilishi aliyeidhinishwa. Usikubali njia ya mkato ya kumwambia mfanyakazi "sajili kwa kitambulisho chako, tutarekebisha baadaye." Inawaumiza wote wawili. Akiondoka, anaondoka na wateja, na kisheria laini ni yake. Akibaki, kila kosa litakalofanywa kwa laini hiyo linaanzia kwenye alama za vidole vyake. Mfanyakazi anayesoma hapa apige *106# aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta ya ofisi, ana hoja ya kuipeleka kwa bosi kesho asubuhi.

Weka WhatsApp Business kwenye laini hiyo. Ina ujumbe wa kujijibu nje ya saa za kazi, na akaunti moja unaweza kuiunganisha na vifaa vingine hadi vinne, kwa hiyo watu wawili au watatu wanajibu wateja bila kutoa namba zao. Malipo yapite kwenye Lipa Namba ya biashara. Mteja kumtumia mhudumu pesa kwenye namba yake kwa sababu "ya ofisi haina salio" kunaharibu hesabu na kunaianika namba ya mhudumu.

Kwa dereva na mwongoza watalii, nunua laini za safari. Ofisi yenye magari sita iwe na laini sita, kila moja ikikaa na gari lake na funguo zake. Dereva anaichukua akienda Serengeti, akirudi anaikabidhi, na kesho yake mgeni wa zamani akipiga anaipata ofisi. Asiyetaka kubeba simu mbili anaweza kutumia simu ya laini mbili. Siku hizi nyingi ziko hivyo.

Usiku, laini ya ofisi inaweza kuhamishiwa kwa mtu wa zamu. Kwa kawaida unabonyeza **21* kisha namba ya kupokea kisha #, na kufuta ni ##21#. Aliyepiga haoni namba ya anayempokea. Waonye wafanyakazi kuhusu msimbo huo huo: mtu asiyemjua akipiga akajifanya wa kampuni ya simu na kumwambia bonyeza nyota mbili ishirini na moja, anataka simu za mfanyakazi zihamie kwa tapeli huyo.

Hatua ya nne: ridhaa iandikwe, na kukataa kuwezekane

Zipo nafasi ambazo namba binafsi italazimika kutumika kwa muda. Hapo pata ridhaa kwa maandishi. Ila ridhaa ya mfanyakazi mbele ya bosi ni jambo gumu. Mtu aliyeajiriwa kwa mwezi mmoja, anayemtegemea msimamizi ampe zamu, atasaini chochote. Kwa hiyo ridhaa haitoshi bila njia nyingine iliyo tayari. Akisema hapana, awepo mtu wa kumwambia, "Sawa, chukua simu ya ofisi," na mambo yaendelee bila sura kukunjwa.

Karatasi inaweza kuwa fupi hivi:

"Mimi ……… naridhia ofisi itumie namba yangu ya simu ……… kwa mambo haya tu: (1) kulipwa mshahara, (2) kupewa taarifa za zamu na msimamizi wangu. Siridhii itolewe kwa wateja, mawakala au wafanyakazi wengine isipokuwa nikiulizwa upya. Naweza kuondoa ridhaa hii wakati wowote kwa kumjulisha msimamizi, na sitapoteza zamu, marupurupu wala kazi kwa sababu hiyo. Nikiacha kazi, namba yangu itaondolewa kwenye orodha na makundi yote ya ofisi, isipokuwa inapohitajika kwenye kumbukumbu za malipo."

Iandikwe kwa Kiswahili. Nimeona fomu nyingi za huku zimenakiliwa kwa Kiingereza kutoka mtandaoni, na anayesaini ni mpishi au mlinzi ambaye hakuelewa sentensi hata moja. Sahihi ya namna hiyo hainishawishi mimi, na sidhani kama itamshawishi anayechunguza malalamiko.

Hatua ya tano: fundisha mapokezi kujibu

Namba nyingi hazivuji kwenye kompyuta. Zinatolewa kwa mdomo na mtu mwema anayetaka kusaidia. Anakuja mzee wa heshima, anasema, "Mwanangu, nipe namba ya yule binti aliyetuhudumia jana, tulielewana vizuri." Kumkatalia mtu mzima ni kazi, hasa kwa kijana aliyelelewa vizuri. Kwa hiyo mpe maneno ya kusema, na mwambie ofisi nzima iko nyuma yake:

"Samahani mzee wangu, namba za wafanyakazi haturuhusiwi kuzitoa. Niachie jina na namba yako, akiingia zamu nitampa, akipenda atakupigia."

Sentensi hiyo inatosha kwa wengi. Mteja mzuri anaacha namba. Mgeni anayetaka kumtumia mwongoza watalii picha au bahasha ya shukrani anapewa barua pepe ya ofisi na Lipa Namba, akiandika jina la mlengwa, na ofisi imfikishie mwenyewe bila kukata. Anayedai kwamba ni shemeji, mchumba au mtu wa ukoo anajibiwa vile vile. Ndugu wa kweli ana namba tayari, au ana wa kumwuliza nyumbani. Kwa wadai ndiyo kabisa: mkopo wa mtu hauihusu kaunta yako.

Askari akija, mapokezi yasibishane naye wala yasitoe namba pale pale. Amwite meneja. Meneja aombe kuona kitambulisho na maombi ya maandishi yanayotaja anachotafuta, atoe hicho tu, na abaki na nakala. Polisi wana mamlaka yao na wanastahili ushirikiano; utaratibu huu unamlinda pia askari anayefanya kazi yake kihalali.

Nataka kusema waziwazi kuhusu mabinti wa mapokezi, wahudumu wa baa na wauguzi. Wao ndio wanaoombwa namba kila siku, na wao ndio wanaopigiwa saa sita usiku na mteja aliyelewa. Meneja anayemwambia binti "mpe tu, ni mteja mkubwa" amemtoa mtu wake kafara. Sera yoyote ya namba isiyoanza na kumlinda huyu haina maana kwangu.

Hatua ya sita: kundi la WhatsApp

Kila aliyemo kwenye kundi anaona namba za wote. Ukimwingiza fundi wa muda kwa siku mbili, ameshapata namba za watu arobaini. Kwa hiyo usimwingize mtu kabla hujamwuliza, na usichanganye wateja au wageni na wafanyakazi kwenye kundi moja, hata kwa safari ya siku sita tu ya mlima.

Kama unachohitaji ni kutoa matangazo, tumia "jumuiya" ya WhatsApp: kwenye kundi lake la matangazo, wanachama hawaoni namba za wenzao, wasimamizi ndio wanaoziona. Njia nyingine ni orodha ya kutuma kwa wengi, ambapo kila mtu anapokea kama ujumbe wake peke yake, mradi awe ameihifadhi namba ya ofisi. Kundi la kawaida libaki kwa timu ndogo inayolazimika kuzungumza, kama wa jikoni au wa zamu ya usiku. Wasimamizi wawe wawili, kiungo cha kujiunga kisisambazwe, na kila mwisho wa mwezi mmoja wao apitie majina.

Mambo ya mtu binafsi yasiingie humo: barua ya onyo, cheti cha hospitali, picha ya kitambulisho, orodha ya mishahara. Anayekosa kazini kwa ugonjwa amwandikie msimamizi wake peke yake. Kumlazimisha aeleze ugonjwa wake mbele ya kundi ni kumvua nguo.

Na saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, na mtu apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Ukimtaka mtu ajibu wateja saa nne usiku, panga zamu hiyo na uilipe. Dharura ya mlimani au ya barabarani ni jambo jingine, na kila mtu anaielewa.

Hatua ya saba: mtu akiondoka

Siku ya mwisho, pamoja na funguo na sare, fanyeni haya mkiwa wote wawili: akabidhi laini na simu ya ofisi, atolewe kwenye makundi, vifaa vyake vitenganishwe na WhatsApp ya ofisi, neno la siri la barua pepe libadilishwe. Namba yake ifutwe kwenye rosta, voucha, tovuti na kurasa za mitandao. Kumbukumbu za malipo zinabaki kwa muda unaohitajika na sheria za kodi na ajira.

Mwajiri mpya akipiga kuulizia tabia yake, unaweza kujibu kama mfanyakazi mwenyewe aliridhia uulizwe habari zake. Hiyo haikupi ruhusa ya kugawa namba yake kwa kila kampuni inayotafuta dereva.

Kwa mfanyakazi: linda laini yako

Ukiweza, kuwa na laini mbili. Moja ya pesa, benki na ndugu. Nyingine ya kazi, isiyounganishwa na akaunti yoyote ya fedha. Ukimudu moja tu, fanya yafuatayo leo. Kwenye WhatsApp fungua mipangilio, ingia faragha, weka picha yako, "ilionekana mara ya mwisho" na hali zako zionekane na watu uliowahifadhi tu. Hapo hapo chagua nani anaweza kukuingiza kwenye makundi; chagua uliowahifadhi, kwa hiyo mtu mwingine atalazimika kukutumia mwaliko kwanza. Washa uthibitisho wa hatua mbili na nambari ya siri ya tarakimu sita ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa. Usimpe mtu yeyote tarakimu za uthibitisho zinazokuja kwa ujumbe mfupi, hata akijitambulisha kuwa ni wa ofisini kwako.

Ukitaka kumwambia msimamizi kwamba hupendi namba yako itolewe, anza kwa upole na maandishi:

"Habari za asubuhi bosi. Nimeona namba yangu ipo kwenye voucha za wageni. Naomba iwekwe ya ofisi, kwa sababu hii naitumia kwa mambo ya familia na benki. Nipo tayari kubeba simu ya ofisi nikiwa safarini. Asante."

Wengi watakubali. Hawakuwahi kulifikiria tu.

Namba ikishavuja

Kabla ya kufuta chochote kwa hasira, hifadhi ushahidi. Piga picha skrini inayoonyesha namba ya anayekusumbua, tarehe na saa, na orodha ya simu zake. Andika pembeni unavyojua namba yako ilimfikiaje. Ndipo umzuie.

Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040 pamoja na namba iliyokutumia. Huduma hiyo ni ya kuripoti utapeli wa simu. Vitisho, matusi ya kingono au usumbufu usiokoma vipeleke polisi, upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaugusa unyanyasaji wa kimtandao, na vituo vikubwa vina dawati la jinsia na watoto. Mwenye tatizo la laini yenyewe anaweza kufika ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) Kanda ya Kaskazini iliyopo Arusha.

Kama aliyevujisha ni ofisi yako, mwandikie mwajiri barua fupi: namba ilitolewa lini, kwa nani, umepata madhara gani, na unataka nini kifanyike. Taja siku ya mwisho ya kujibu. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ukiambatanisha barua hiyo na ushahidi wako; tovuti yake ni pdpc.go.tz. Unaweza pia kudai fidia kwa madhara uliyopata. Ukifukuzwa au kunyimwa haki kazini kwa sababu ulilalamika, hilo ni la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi Arusha na Moshi. Huko muda unakwenda haraka: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine.

Ukiamua kubadili namba, usiitupe laini ya zamani kabla hujahama nayo vizuri. Toa pesa zote, badilisha namba benki, NSSF, kwenye barua pepe na WhatsApp, ndipo uiache. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kuuzwa upya, na atakayeinunua ndiye atakayekuwa anapokea jumbe zako za benki.